Fundi Aliyetufundisha Kusema "Sioni"

Kila mwaka wanafunzi wapya wakishafika, ofisi ya mkuu wa chuo huniletea karatasi. Imepigwa taipu, ina muhuri, na juu imeandikwa "Nasaha kwa Wanafunzi Wapya". Natakiwa nisimame ukumbini niisome: pangeni muda wenu vizuri, epukeni makundi mabaya, tumieni maktaba, kuleni mlo kamili. Nikifika kwenye mlo kamili huwa nataka kuichana. Hao watoto wamesafiri siku mbili na masanduku ya bati, watakula maharage ya chuo miezi tisa mfululizo, halafu mtu aliyekaa ofisini anawaambia wale mlo kamili! Karatasi hiyo ingeweza kusomwa Bukoba, ingeweza kusomwa Lindi, na kote huko isingemsaidia mtu. Mwaka huu nimeikunja nikaitia mfukoni. Nitawaeleza habari za Fundi.

Alikuwa fundi wa maabara katika chuo chetu kidogo hapa Ifakara, chuo cha kufundisha watu kupima damu na choo na makohozi. Jina alikuwa nalo, lakini hakuna aliyelitumia. Hata mkuu wa chuo alimwita Fundi, nami nitamwita hivyo hivyo. Alizaliwa wapi na ukoo wake ni upi sikuwahi kumuuliza, na ningemuuliza angenipa chupa za kuosha. Hakuwa mwalimu. Walimu walikuwa na vyeo na meza zao. Yeye alikuwa na funguo za maabara, koti jeupe lililotobolewa na tindikali, na kitambaa cha kufutia lenzi alichokiweka mfukoni mwa shati, upande wa moyo. Nilimjua karibu miaka minane, chuoni na baada ya kustaafu kwake, na katika hiyo minane sidhani kama iliwahi kupita miezi miwili sijamkasirikia.

Hasira ya kwanza alinitia siku ya kwanza kabisa. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini, nimetoka Mchombe na shati moja la maana, mtoto wa wakulima wa mpunga ambaye kijiji kizima kimeambiwa anakwenda kuwa daktari. Fundi alitupanga mstari mbele ya hadubini moja iliyokuwa dirishani. Umeme haukuwa wa kutegemea, kwa hiyo hadubini zetu zilikuwa na kioo kidogo chini, unakigeuza kinakamata mwanga wa jua na kuurudisha juu kwenye slaidi. Sisi hatukujua hayo. Tulijua tu kwamba huku bondeni damu ikiwekwa chini ya hadubini huwa na malaria, na kwamba mtu aliyekuja chuo lazima aione.

"Unaona nini?" Fundi alimuuliza wa kwanza.

"Naona vimelea vya malaria, Fundi."

"Vizuri. Anayefuata."

Wa pili akaona vimelea. Wa tatu akaona. Nilipofika mimi niliinama, nikafumba jicho moja, na mbele yangu palikuwa giza tupu, giza la ndani ya gunia. Nyuma yangu walikuwa wamepanga mstari watu ambao ningeishi nao miaka mitatu. Nikasema kwa sauti ili wa mwisho asikie: "Naona vimelea vitatu, Fundi."

"Vitatu?"

"Vitatu."

"Una macho makali sana. Anayefuata."

Aliyefuata alikuwa binti mmoja mwembamba kutoka Masagati, huko mbali kupita Mlimba, ambako gari likifika watu hutoka nje kulitazama. Aliinama akakaa muda mrefu. Kisha akanyanyuka akasema, "Shikamoo Fundi, samahani. Sioni kitu. Naona giza."

Tulimcheka. Mimi nilicheka kuliko wote, na hilo linaniuma mpaka leo. Fundi hakucheka. Alimvuta yule binti kwa mkono akamkalisha kwenye kiti chake mwenyewe, kiti pekee chenye mto katika chumba kile, akatuonyesha kioo cha hadubini. Kilikuwa kimegeuzwa kikiangalia ukutani. Mwanga haukuwa ukiingia hata chembe. Na slaidi yenyewe haikuwa na tone la damu.

"Mmekuja chuoni kujifunza nini," alisema, "kama tayari mnaona gizani? Huyu peke yake ndiye mwanafunzi. Ninyi wengine ni wageni tu, mnaweza kurudi nyumbani." Akanigeukia. "Na wewe, Vitatu, kawaoshee wenzako chupa."

Kuanzia siku ile nikawa Vitatu. Bwenini Vitatu, uwanjani Vitatu, kwenye foleni ya uji Vitatu. Nikimwamkia asubuhi, "Shikamoo Fundi," ananijibu, "Marahaba, Vitatu. Leo umeona vingapi?" Mtu mzima mwenye mvi anafurahia jambo kama hilo mwaka mzima, wa pili, wa tatu! Nilimchukia. Nilikuwa napita nyuma ya jiko ili nisikutane naye.

Lakini niseme haki. Hayo niliyoyapata chuoni, yale yanayofaa, niliyapata kwake, na hakuna hata moja lililoandikwa kwenye karatasi ya ofisi. Jumamosi asubuhi alikuja mabwenini na baiskeli yake, akagonga madirisha kwa funguo. Aliyemkuta amelala alimwamsha, aliyemkuta anasoma alimfungia daftari. "Chuo si kitanda na daftari," alikuwa anasema. "Nendeni wodini mkawaone wenye damu hizo." Nasi tulikwenda tukinung'unika, tukakaa na wagonjwa, tukawachotea maji, tukasikia mwanamke ametembea tangu alfajiri na mtoto mgongoni ili sisi tumtoboe kidole. Ukisharudi kutoka huko, slaidi huisomi tena kwa haraka.

Bwaloni alikuwa na desturi moja ya ajabu. Akimkuta mtu anakula na watu wa kwao wiki nzima, anamnyanyua na sahani yake anampeleka meza nyingine. Mndamba alikaa na Msukuma, mtoto wa mfanyakazi wa mashamba ya miwa alikaa na mtoto wa mvuvi. "Ukiondoka hapa unajua watu wa kijiji chako tu," alisema, "basi chuo kimekupita." Jamani, tuligombana! Ila mtu aliyenifundisha hesabu za kupunguza makali ya tindikali nilimpata kwenye meza niliyopelekwa kwa lazima.

Lililomtia uchungu kuliko yote lilikuwa urithi. Hapo chuoni urithi haukuwa shamba wala ng'ombe. Ulikuwa majibu. Sanduku la slaidi za mazoezi lilikuwa moja, miaka nenda rudi, na wa mwaka wa tatu waliwaachia wa mwaka wa pili orodha: slaidi ya nne malaria, ya tano minyoo, ya sita hakuna kitu. Watu walihitimu wakiwa wamekariri sanduku! Walikwenda zahanati za Mlimba na Malinyi wakiwa hawajawahi kuona kimelea kwa macho yao, wanamwandikia mtu majibu ya damu yake kwa kukisia. Nikikumbuka hili damu yangu huchemka. Fundi alibandua namba akazibandika upya kila muhula, na kila muhula orodha mpya ikapatikana. "Mnamwibia nani?" alituuliza siku moja. Siku ile nilichana orodha yangu. Binti wa Masagati hakuwahi kuwa nayo.

Basi msidhani alikuwa malaika. Mtu huyu aliyetukataza kudanganya hakuwahi hata mara moja kumkatalia mkuu wa chuo. Dawa za kupaka rangi slaidi zimekwisha, mkuu anauliza, "Fundi, kila kitu kipo?" na Fundi anajibu, "Kila kitu kipo, mkuu." Nilikuwa nimesimama hapo hapo na chupa tupu mkononi. Alituambia tuulize maswali, naye akiulizwa habari zake ananuna. Alitulazimisha kula na watu, naye alikula peke yake mlangoni pa maabara, wali na samaki aina ya kitoga, mgongo ametupa sisi. Na aliyekuwa anatufokea tusikimbilie nyumbani wakati wa kilimo, yeye mpunga ukianza kukomaa alichukua likizo yake akahamia shambani kwake Namawala, akakaa juu ya dungu la miti kuamia ndege wasile mpunga mpaka mavuno. "Mimi nimeshamaliza shule," alisema tukimtania.

Sasa nifike kwenye mtihani, maana hasira yangu ya kweli inaanzia hapo.

Mwaka wetu wa mwisho alikuja msahihishaji kutoka nje, mtu wa suti na miwani. Mtihani wa vitendo ulikuwa slaidi kumi. Ya saba niliiangalia, nikageuza kioo, nikafuta lenzi, nikaiangalia tena. Ilikuwa na damu, lakini damu iliyopauka, rangi yote imeondoka. Kwenye orodha za urithi kila mtu alijua slaidi yenye ufa kwenye pembe ni malaria, na hii ilikuwa na ufa kwenye pembe. Nami nilijua. Nilikaa hapo na kalamu nikitoka jasho. Kisha nikaandika: "Sioni vimelea." Katika darasa zima tuliandika hivyo wawili tu, mimi na binti wa Masagati.

Sheria ya mtihani ule ilikuwa kali: ukisema damu yenye malaria haina, umeanguka mtihani mzima. Msahihishaji alituita. Binti wa Masagati akamwambia kwa adabu, "Shikamoo mwalimu. Slaidi hii imefifia. Naomba iangaliwe." Yule bwana akamwita Fundi, mkuu wa chuo akiwa amesimama pembeni.

"Fundi, vimelea vipo au havipo?"

Fundi aliinama kwenye hadubini. Aliinama muda mrefu mno. Nilikuwa natazama kisogo chake na nilikuwa na furaha, Mungu anisamehe, kwa sababu nilijua mtu huyo ndiye aliyetufundisha kusema "sioni", na sasa angelitamka neno hilo mwenyewe.

Akanyanyuka. "Vipo," akasema.

Hakututazama. Alichukua kitambaa chake akatoka nje. Walioandika kwa kukariri wakafaulu, sisi wawili tukaangushwa kwa kusema kweli tuliyofundishwa na yeye. Mnaniuliza kwa nini nina hasira?

Mtihani wa kurudia uliwekwa katikati ya masika. Nani aliyepanga tarehe hiyo sijui, ila hakuwa mtu wa bondeni. Mimi nilitoka Mchombe kwa shida, matope magotini, nikafika, nikafaulu. Binti wa Masagati hakufika. Barabara ya kwao ilikuwa imekatika, mto umejaa, na barua ya kumwita ilimkuta mtihani umeshapita. Chuo kikaandika kwenye faili lake kwamba amejiondoa mwenyewe. Amejiondoa! Binti aliyekuwa peke yake mwanafunzi katika mstari ule, faili linasema amejiondoa.

Fundi alistaafu mwaka uliofuata, ghafla, bila hata kuagwa kwa soda. Mimi nikaajiriwa mahali pake. Nilipokabidhiwa funguo jambo la kwanza nilifungua droo nikaitafuta slaidi yenye ufa. Niliiweka dirishani na jua la saa tano. Hakuna kitu. Nikaipeleka kwa mkuu wa chuo, nikamwambia tulimwonea yule binti, arudishwe afanye mtihani wake. Mkuu aliitazama slaidi bila kuishika.

"Huenda imefifia baadaye," akasema. "Siku ile aliyethibitisha ni Fundi. Akiandika yeye mwenyewe kwamba alikosea, nitampokea huyo binti. Ila iwe kabla ya muhula mpya, maana ukishaanza huo faili lake linafungwa moja kwa moja. Wewe siwezi kukuchukua kama shahidi, wewe ulikuwa mtahiniwa."

Zilibaki wiki tatu. Niliazima baiskeli ya jirani nikaenda Namawala.

Mpunga ulikuwa umeiva, bonde lote la manjano, na kila shamba lina dungu lake na mtu juu yake anapiga kelele. Nilielekezwa la Fundi. Alikuwa amekaa juu ya jukwaa lake la miti, ameshika kamba ndefu iliyofungwa makopo hadi mwisho wa shamba. Ndiyo kazi ya kuamia: ndege wakitua unavuta, makopo yanalia, wanaruka.

"Shikamoo Fundi."

Aligeuza kichwa kidogo, akisikiliza. "Marahaba. Hiyo sauti ni ya Vitatu. Panda."

Nilipanda, na sikutaka hata maji. Nilikuwa nimeyabeba maneno yangu tangu Ifakara na niliyamwaga yote. Nilimwambia habari za faili, masika, barua iliyochelewa. Nilimwambia kwamba alitufunga kwa neno lake mwenyewe. Nilimwambia binti wa watu yuko Masagati anapalilia mahindi wakati waliokariri sanduku wanavaa makoti meupe. Nilikuwa nafoka, jambo ambalo si adabu mbele ya mtu wa umri wake, nami sikujali.

"Slaidi ilikuwa nzima," alisema taratibu.

"Nimeiangalia mwenyewe, Fundi!"

"Ilikuwa nzima. Niliipaka rangi kwa mkono wangu."

"Lini?"

Nikageuza uso ili nisimtukane mzee, nikatazama shamba. Kweleakwelea walikuwa wametua. Hawakuwa wawili watatu, lilikuwa kundi zima, upande wa kulia, hatua thelathini kutoka tulipokaa, mabua yanainama kwa uzito wao na mpunga wake unaliwa mchana kweupe. Nilisubiri avute kamba. Alikuwa ameelekeza uso huko huko. Mkono umetulia.

Nikamtazama macho. Yalikuwa na ukungu mweupe katikati. Nikakumbuka siku ya mtihani alivyoinama muda mrefu. Nikakumbuka jinsi mwaka ule wa mwisho alivyokuwa akinipa mimi chupa nimsomee vibandiko, nami nikidhani ananionea.

Hasira haikuniisha. Nasema wazi, haikuniisha, ila ilibadili mahali pa kukaa. Nikamuuliza swali lake.

"Fundi, hapo mbele yako. Unaona nini?"

Kwenye madungu ya jirani watu walikuwa wanapiga kelele na kucheka. Aliipapasa kamba, akaiacha, akaishika tena.

"Sioni," akasema.

"Na siku ile?"

"Siku ile pia sikuona, mwanangu. Niliona weupe mtupu. Nilijua nikisema sioni mbele ya mkuu, kesho yake funguo zinachukuliwa. Nikasema vipo." Alivuta pumzi. "Nilikuwa kama ninyi siku ya kwanza. Kioo kimetazama ukuta, na mimi naona vimelea."

Nilitoa karatasi nikaandika hapo hapo juu ya goti: kwamba yeye, aliyekuwa fundi wa maabara, siku ya mtihani alithibitisha slaidi ya saba bila kuiona, kwa sababu macho yake yalikuwa yameharibika, na kwamba binti aliyesema imefifia asiadhibiwe kwa kosa lake. Nilimsomea. Akaniambia nisome tena, polepole. Mahali palipoandikwa "bila kuiona" aliniambia nipapigie mstari. Nikamwekea kidole chake mahali pa sahihi, naye akasaini, herufi zikapanda juu ya maandishi yangu. Barua hiyo ndiyo iliyomrudisha binti wa Masagati chuoni muhula uliofuata, na leo nikiwa na shaka na slaidi yoyote namwita yeye aje aangalie.

Lakini siku ile hatukujua hayo. Nilikunja karatasi nikaitia mfukoni. Fundi alijifuta uso kwa kile kitambaa chake cha lenzi.

"Ndege wapo?" akauliza.

"Wapo, Fundi. Kulia kwako. Wengi sana."

Alivuta kamba kwa mikono miwili. Makopo yakalia mpaka mwisho wa shamba, kundi likanyanyuka, likazunguka juu, na nusu yake ikashuka ikatua pale pale.

"Wameondoka?"

Ingekuwa rahisi kumwambia ndiyo.

"Bado," nikasema. "Vuta tena."